Medali za Kwanza Tulizoyeyusha

Siku mliyoniaga mlinipa blanketi, jembe jipya na hotuba nyingi. Blanketi nalitumia, jembe nimeshalitia mpini, na hotuba nimezisahau zote isipokuwa maneno ya yule kijana wa mashine mpya, aliyesema nisiondoke na ujuzi wangu kichwani, niuandike. Basi nauandika. Niko nyumbani Kasulo, mvua imekatika, maharage yako juani, na hakuna anayeniita stoo. Mtanisamehe mkiona nazungumzia zaidi vitu vilivyopotea. Vilivyofanikiwa mlishavisikia kwenye hotuba.

Vyeo nitaviruka. Vilikuwa vichache, na kila kimoja kilikuja na funguo zake na lawama zake. Mshahara nao kila mtu anaujua wake.

Nilifika karakana ya misheni pale Biharamulo nikiwa msichana mwenye sanduku la bati na mikono ya kulima. Sista aliyeisimamia karakana alikuwa Mhaya mrefu, daima na kitambaa chenye mafuta ya taa kwenye mfuko wa aproni. Hakuniuliza nimesoma hadi wapi. Alinipeleka mbele ya presi akasema, "Shika hapa, uvute." Presi yenyewe ilikuwa ya mkono: skrubu nene iliyosimama wima, na juu yake mti wa chuma wenye tufe zito kila ncha. Wawili mnaushika mti, mnauzungusha kwa nguvu zenu zote, skrubu inashuka, kishindo kimoja, na medali imezaliwa. Mtu wa tatu anakaa chini kuweka kisahani cha shaba na kukitoa. Huyo wa tatu hatakiwi kuwa na papara, kwa sababu vidole havioti tena. Jioni ya siku ile ya kwanza sikuweza kunyanyua kijiko, nikala maharage kwa mkono wa kushoto huku wenzangu wakinicheka.

Ninyi mnabonyeza kitufe, kwa hiyo nianze na jambo ambalo kitufe hakifundishi. Chapa ni gogo fupi la chuma kigumu lililochongwa picha usoni, kinyumenyume. Kilichochimbwa ndani kabisa ya chapa ndicho kinachosimama juu kabisa kwenye medali: pua, paji la uso, midomo. Kilichokwaruzwa kidogo tu, kama unywele au pindo la nguo, hubaki chini kwenye medali, karibu na sehemu tambarare ambayo sisi tuliiita uwanda. Likamateni hilo, maana huko mbele kila kitu kinalitegemea.

Desturi nyingine ya kujua ni ndoo ya kurudi. Chapa mpya inapofungwa kwenye presi haikai sawa mara moja. Unapiga chache, unakaza, unapiga nyingine, unasogeza. Hizo za kujaribia zilitupwa kwenye ndoo ya bati chini ya meza, na ndoo ilipojaa tuliipeleka kwenye tanuri ikayeyushwa upya. Sista alikuwa mkali sana kwa hilo. Kabla sijafika, medali mbovu zilikuwa zimetoroka zikauzwa sokoni, Bikira Maria akiwa na vichwa viwili, na paroko hakufurahi. Basi sheria ikawa kwamba za kujaribia zote, nzuri na mbaya, haziondoki karakana. Sisi ni watoto wa wakulima, tunajua malimbuko ni nini. Mtama wa kwanza tunapeleka altareni. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba zile za kwanza kutoka kwenye chapa mpya ndizo zilizokuwa na sura kamili kuliko zote zitakazofuata, na kwamba tulikuwa tunazitia motoni.

Mzee Gaspari alikuja katika miaka ile ya tisini, wakimbizi kutoka ng'ambo ya mpaka walipokuwa wamejaa Lukole hadi vilima vikabadilika rangi kwa maturubai. Kwao alikuwa mchongaji wa mihuri na vikombe vya kanisa. Paroko alimsikia, akamwombea kibali cha kufanya kazi kwetu. Alifika na begi dogo na binti mchanga aliyefungwa mgongoni kwa kitenge, kama mama. Mkewe alifia njiani. Hilo tulilijua, naye hakuongeza neno, nasi hatukuuliza. Wakati ule kila mtu aliyetoka upande ule alikuwa na wake aliyebaki njiani. Mtoto, Esperansi, alilelewa na masista na sisi wanawake wa karakana kwa zamu. Alijifunza kutembea akiushika mguu wa meza yangu.

Gaspari hakuwa na zana. Alizitengeneza. Tupa zilizovunjika alizinoa zikawa visu vya kuchongea, na vipini akachonga kwa mti wa kahawa. Chuma cha chapa alikikata kutoka kwenye ekseli ya lori lililokufa barabarani. Akimaliza kuchonga, alikipasha moto hadi kiwe chekundu, akakizamisha kwenye oili chafu ya gari, kisha akakipasha tena polepole hadi rangi ya majani makavu itokee usoni. "Ukikiacha kigumu mno, kinapasuka," alisema. "Ukikiacha laini, kinalala. Ngoja rangi, Reokadia." Jina langu ni Leokadia, ila mdomoni mwake nilikuwa Reokadia hadi mwisho, na nilimzoea hivyo.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba shaba inatembea. Ukiipiga haikai ilipo. Inakimbia kutoka katikati kwenda ukingoni, ikitafuta pa kuingia, na kila inapokimbia inaisugua chapa. Pigo moja halionekani. Baada ya mapigo mengi chapa inaanza kuota mistari myembamba iendayo ukingoni, kama ile ya mchanga maji ya mvua yakishapita, na mistari hiyo inajichapa kwenye kila medali. Herufi za pembeni ndizo za kwanza kuumia. Zinanenepa, zinaegemea nje, tundu la B linaanza kuziba, R inafanana na kisiki. Medali yetu iliandikwa BIKIRA MARIA UTUOMBEE kuzunguka ukingo, kwa hiyo B na R hatukuzikosa. Kama shaba haikuchomwa vizuri ikalainika, ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inatembea kwa ubishi na kung'ata njia nzima. Chomeni shaba yenu. Umeme mnaouokoa hapo mnaulipa kwenye chapa.

Sista aliponitoa kwenye mti wa presi akaniweka meza ya kukagua, karibu na dirisha, akanipa lenzi na kitambaa cheusi, nilidhani amenionea huruma kwa sababu ya bega langu. Kumbe aliona natazama. Kuna siku mwenye duka mmoja wa sokoni alikuja na sarafu mkononi, amekasirika, ameshagombana na mteja. Sarafu ilikuwa inang'aa lakini maandishi yake yalikuwa manene, yamelala. Akaapa ni ya bandia. Nikaiweka chini ya lenzi. Uwanda ulikuwa na mistari ileile ninayoijua, na pembe za picha zilikuwa butu huku mng'ao wa kiwandani bado uko. Nikamwambia, "Hii ni halali. Imezaliwa imechoka. Waliipiga kwa chapa iliyokaribia kustaafu." Hakuniamini hadi nilipomwonyesha nyingine ya mfukoni mwangu, iliyochakaa kwa mikono ya watu. Hiyo pua ilikuwa imesawazika kabisa, lakini herufi zake zilikuwa nyembamba, na chini kwenye pembe kila kitu kilikuwa kikali. Tofauti ni hiyo. Mkono wa mtu unakula vilivyo juu na kuviacha vilivyo chini. Chapa iliyochoka inaanza kukosa vidogo, vile vya pembeni na vya chini. Yule bwana alienda kumwomba radhi mteja wake, au alisema atakwenda.

Sasa nifike kwenye chapa yenyewe.

Parokia ilikuwa inajiandaa kwa hija, na Sista akamwagiza Gaspari achonge Bikira Maria mpya, maana wa zamani alikuwa ameshakuwa kama kiazi. Gaspari alijifungia kwenye kona yake kwa wiki nyingi. Kila alipotaka kuona alipofikia, alikanda nta ya nyuki iliyotoka Nyantakara, akaikandamiza kwenye chapa, akaibandua, akaitazama kwenye mwanga, kisha akaifinyanga tena ikawa donge. Nakumbuka nta ile ilikuwa na harufu ya moshi. Alipomaliza, Sista alikuja kuangalia.

"Gaspari," akasema, "Bikira gani huyu mwenye sikio nje? Kwenye picha zote shela inamfunika hadi mashavuni."

"Sista, mama tunayemwomba atusikilize, mimi nimzibe sikio?"

Sista alitaka kukasirika akashindwa, akacheka. "Haya. Lakini shela isirudi nyuma zaidi ya hapo."

Kwa kweli hakuwa Bikira wa kwenye kalenda. Alikuwa na paji pana, mdomo uliofungwa kama wa mtu anayezuia kicheko, na sikio lile la kushoto lenye kikunjo kidogo kwenye ndewe, kama kona ya karatasi iliyokunjwa. Tulidhani ni mkono wake tu, kwamba kila mchongaji ana masikio yake.

Walipoifunga chapa kwenye presi na kupiga ya kwanza, Gaspari hakumwachia mtu ailete. Aliibeba mwenyewe kwenye kiganja, bado ina joto, akaiweka juu ya kitambaa changu cheusi, akasimama. Nikaitazama kwa lenzi nilivyofundishwa: ukingo umefunga pande zote, picha iko katikati, B ina matundu yake mawili, R ina mguu, hakuna ufa.

"Herufi safi, mzee. Ukingo safi," nikamwambia.

Hakuondoka. "Na uso?"

"Uso mzuri," nikasema, na nikaitupa kwenye ndoo, kwa sababu ilikuwa ya kujaribia.

Aliitazama ndoo. Nilimwona akiitazama, ila nilikuwa nangoja ya pili. Halafu akarudi kwenye presi.

Chapa ile ilitutumikia miaka. Medali zake zilikwenda Ngara yote na Biharamulo yote, shingoni mwa watoto wa komunyo ya kwanza, kwenye funguo za pikipiki, kwenye vitanda vya wagonjwa. Niliiona ikichoka wiki kwa wiki kupitia lenzi. B ikaanza kuziba. Kope za macho, ambazo zilikuwa mistari ya nywele tu, zikayeyuka polepole kwenye mashavu. Nilimwambia Sista mara kadhaa kwamba tuchonge nyingine, akasema macho ya Gaspari hayako kama zamani, tuivumilie.

Kisha ukaja mwaka wa jubilei ya parokia, na masika yake paa likavuja juu ya kabati la chapa. Tulipolifungua, chapa ya Bikira ilikuwa na kutu uso mzima. Medali zilikuwa zimeshaagizwa na kila kigango, na watu wangeanza kufika baada ya siku chache. Hakukuwa na muda wa kuchonga. Njia pekee ilikuwa kuisugua chapa kwa jiwe la mafuta hadi kutu itoke, na mnajua maana yake, au sasa mtajua: jiwe linakula uwanda wa chapa, uwanda unashuka, na kila kilichochimbwa kidogo kinafutika. Vya ndani vinabaki. Vya juujuu vinakwenda na jiwe.

Sista akasema, "Fundi mwingine aisugue, Gaspari apumzike."

Gaspari akasema, "Hapana. Nitaisugua mimi."

Alituomba tutoke. Tulikaa nje chini ya veranda tukisikia jiwe likienda na kurudi, likienda na kurudi. Alipotufungulia, chapa ilikuwa inang'aa kama kioo. Tukapiga moja nikaitazama. Sikio halikuwepo. Pindo la shela halikuwepo, wala nywele za pembeni. Ulibaki uso umesimama peke yake kwenye uwanda, kama kinyago.

"Imetosha," alisema Gaspari. Siku hiyo hakula. Nilimpelekea ugali wake wa muhogo kwenye kona yake, nikaukuta jioni umeshakauka na yeye ameketi vilevile, mikono magotini. Nikadhani ni uzee na kazi ya kusugua. Nilimpa pole ya uchovu. Roho inaniuma nikiikumbuka pole ile, jinsi ilivyokuwa ndogo.

Baadaye aliacha kazi kwa sababu ya macho, akaenda Nyantakara kulima muhogo karibu na Esperansi, aliyekuwa ameolewa huko. Alikuja kututembelea mara chache, akiuliza hali ya presi kabla ya kuuliza hali zetu. Alifariki miaka michache kabla sijastaafu. Tulikwenda kuzika.

Matanga yalipokwisha, Esperansi alikuja karakana. Alikuwa mwanamke mzima sasa, amejifunga kilemba hadi nyusi, na mtoto wake mwenyewe alikuwa ameachwa kwa jirani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Pole tena."

Hakutaka kukaa. Alisema siku za mwisho baba yake aliongea mambo mengi ya homa, ila moja alilirudia hadi akaliamini. "Aliniambia uso wa mama yangu uko kwenye medali. Kwamba alimchonga yeye. Mama, mimi sina picha yake. Nilikuwa nanyonya alipofariki. Sijui hata kama alikuwa mnene au mwembamba. Naomba nimwone."

Kila kitu kikaja kwa pamoja: sikio, kona yake, jiwe, ugali uliokauka. Nikaelewa kwa nini hakusema. Angelisema, Sista asingeweza kuiruhusu, na paroko ndiyo kabisa. Huwezi kumweka mkeo altareni. Alinyamaza ili mkewe abaki, na kwa kunyamaza ikabidi amfute kwa mkono wake mwenyewe, maana hakutaka mkono mwingine umguse.

Nikavuta boksi la medali zilizobaki, za mwisho mwisho, zilizosuguana humo miaka yote hadi pua na midomo vikalika, nikampa moja. Aliigeuza huku na huku.

"Huyu hana uso," alisema.

Alikuwa hanilaumu, alikuwa anasema alichokiona. Nilimweleza kwamba za mwanzo zilikuwa na uso, tena uso kamili, na kwamba nitamtafutia. Nilisema hivyo kwa haraka kuliko nilivyofikiri. Za kwanza kabisa zilikwenda motoni. Zilizofuata zilitawanyika, na watu huvaa medali, huisugua, huipoteza shambani.

Tulitangaza baada ya misa kwenye vigango tulivyoweza. Watu walileta za kutosha, nami nikazipanga juu ya kitambaa cheusi Jumapili baada ya Jumapili, Esperansi akisimama nyuma ya bega langu kama alivyosimama baba yake. Nilimfundisha kutazama herufi kwanza. Nyembamba, ya mapema. Nene, ya baadaye, iweke pembeni. Karibu zote zilikuwa nene. Zilizokuwa nyembamba zilikuwa zimeliwa na jembe au zimetobolewa katikati ya uso na mtu asiye na adabu.

Mwishoni nilipata habari hapa hapa kwetu Kasulo. Bibi Paskazia, mjane wa katekista, alipewa medali yake mwanzoni kabisa, hija ile ile ya kwanza, na hakuwahi kuivua. Tulikwenda na Esperansi. Bibi alikuwa ameketi mkekani akichambua maharage. Tukamwamkia, akaitikia, akatutazama kwa shaka tulipotaja medali.

"Mnataka kuichukua?"

"Hapana, bibi," nikasema. "Kuiona tu."

"Ego, ndiyo, kuiona sawa. Lakini nitazikwa nayo, msije mkaniambia habari nyingine."

Aliitoa kifuani bila kuivua, ikabidi niiname hadi karibu nimguse kidevu kwa lenzi. Herufi zilikuwa nyembamba kama siku ile. B ina matundu yake, R ina mguu wake. Pindo la shela lipo, nywele zipo unywele kwa unywele. Na sikio lipo, na kikunjo chake. Lakini katikati, palipokuwa na pua na mdomo na macho, palikuwa laini kama kokoto ya mtoni.

"Bibi, hapa katikati palikuwaje?"

"Hapo ndipo ninapombusu," alisema. "Asubuhi na jioni. Tangu mzee wangu akiwa hai. Nimembusu sana huyu mama."

Esperansi aliomba lenzi. Aliinama alipokuwa nimeinama mimi, akakaa hapo muda mrefu, Bibi Paskazia akivumilia na kidevu juu. Kisha akanyoosha mgongo, akakifungua kilemba chake. Sikio lake la kushoto lilikuwa na ndewe yenye kikunjo, kama kona ya karatasi. Nilimbeba mtoto yule mgongoni, nilimwogesha, na sikuwahi kuliona. Bibi Paskazia aliangalia sikio, akaangalia medali, akamshika mkono.

"Kumbe ni mama yako," alisema. "Basi nisamehe mdomo."

Tulichukua alama kwa nta, nta ya Nyantakara, alivyofanya baba yake. Medali Bibi alibaki nayo. Amezikwa nayo mwaka huu, alivyotaka.

Tuliporudi Biharamulo nilimwomba Sista ruhusa nikaitoa chapa ya zamani stoo, imefungwa kwenye grisi na gunia. Nikaifuta, nikaikandamizia nta nyingine. Kama nilivyowaambia huko juu, jiwe linakula vya juujuu na kuviacha vya ndani. Pua ilitoka. Paji pana likatoka. Mdomo ukatoka, uleule unaozuia kicheko, ambao hakuna aliyeweza kuufikia kwa kuubusu kwa sababu ulikuwa umechimbwa chini kabisa ya chuma. Nikaziweka nta mbili bega kwa bega juu ya kitambaa cheusi. Moja ina sikio na nywele haina uso. Nyingine ina uso haina pembeni. Mtu wa kuziunganisha alikuwa mmoja tu, na tulikuwa tumeshamzika.

Kabla sijamaliza niwaombe jambo. Mashine yenu mpya nayo ina ndoo chini yake, nimeiona. Ikifungwa chapa mpya, itoeni moja kati ya zile za mwanzo, iwekeni kwenye kabati na jina la aliyeichonga. Sista wenu wa sasa hatakataa, nimeshamuuliza.

Esperansi alizitazama zile nta kwa zamu. Akaweka kidole kwenye mdomo, akakihamishia kwenye sikio.

"Mdomo ninao," alisema. "Sikio ninalo. Na macho, mama?"

Nikamweleza ukweli. Kope zilikwenda na shaba kabla hata ya jiwe, na kwa Bibi Paskazia zilikwenda na busu. Macho hayakubaki popote.

Alinigeukia. "Lakini wewe uliziona za kwanza. Baba alisema ya kwanza kabisa alikuletea wewe, ukaitazama kwa lenzi. Yalikuwaje?"

Nilifumba macho yangu ili nikumbuke. Nilikiona kiganja cha Gaspari, niliona mwanga wa dirisha, nilisikia joto la shaba kwenye vidole. Niliiona B na matundu yake mawili, R na mguu wake, ukingo umefunga pande zote. Ningeweza kuzichora herufi zile mpaka leo, moja moja. Nilikaa hivyo hadi nikahisi mkono wake begani.

"Nilikuwa naangalia herufi, mwanangu," nilimwambia.

Alizifunga zile nta kila moja kwenye kitambaa chake, taratibu, akajifunga kilemba, na safari hii aliliacha sikio nje.